MZEE ANAYESAHAU SI MCHAWI, NA IMANI YAKE HAIJAPUNGUA



Ndugu zangu katika imani, leo tuzungumze jambo lililomo ndani ya nyumba zetu nyingi na tunaona haya kulisema. Mama aliyetulea anauliza swali lile lile mara kumi kwa asubuhi moja. Baba aliyekuwa akipiga hesabu za duka kichwani sasa anababaika na chenji ya mkate. Anawashuku wajukuu kwa pesa alizozificha mwenyewe. Usiku wa manane anavaa kanzu, anataka kwenda dukani. Na sisi tunaanza kunong'ona: karogwa, ana jini, au mbaya zaidi, yeye mwenyewe ndiye mchawi.

Nasema wazi: mzee huyu ni mgonjwa. Anayemwita mchawi anamdhulumu. Na anayesema "angekuwa mcha Mungu asingefikia hapa" anamdhulumu vilevile.

Allah Subhaanahu wa Ta'ala ametueleza katika Suratun Nahl aya ya 70 na Suratul Hajj aya ya 5 kwamba miongoni mwetu wako watakaofikishwa kwenye umri dhaifu kabisa, hadi elimu waliyokuwa nayo iwatoke. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah na umri huo. Basi hili ni jambo ambalo dini imelitaja kwa jina lake miaka zaidi ya 1,400 iliyopita. Kwa nini sisi tulifiche kama aibu ya ukoo?

Tufahamu kwanza kinachotokea. Ubongo wa kila binadamu hupungua kadiri umri unavyokwenda. Kusahau jina la mtu ukalikumbuka baadaye, au kutafuta miwani uliyoiacha mezani, ni uzee tu. Lakini mtu akipotea njia ya msikiti aliokwenda miaka 30, au akishika funguo asijue ni za kazi gani, huo ni ugonjwa. Madaktari huuita dimenshia. Aina yake iliyo kubwa zaidi ni ule wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 alieleza aliyoyakuta ndani ya ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa na miaka 55 tu: mabonge ya protini katikati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 waliokuwa wakiishi na dimenshia walifika milioni 57, na zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani nchi kama zetu.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi, inayotusaidia kuhifadhi mambo mapya. Ugonjwa wa Alzheimer huigusa sehemu hiyo mapema. Ndiyo maana mama anaapa hajala, na sahani haijaoshwa bado, kisha anakusimulia harusi yake neno kwa neno. Hasemi uongo. Habari ya chakula haikuingia kabisa. Na usishangae aliyesahau jina lako akaisoma Alfatiha yote. Aliihifadhi chuoni akiwa mtoto, ikakita mizizi.

Sasa nije kwa wale wanaopima imani ya mtu kwa kumbukumbu yake. Ni kweli imepokewa kauli kutoka kwa Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas, kwamba msomaji wa Qur'ani harudishwi kwenye umri ule dhaifu. Ni bishara njema, tuitumie kujihimiza kusoma. Lakini hatukupewa iwe fimbo ya kuwachapia wazee wa watu.

Angalieni maulamaa wa hadithi. Wana istilahi yao, ikhtilaat, yaani mpokezi wa hadithi kuchanganyikiwa kumbukumbu mwishoni mwa umri wake. Ibn as-Salah aliitengea mlango katika kitabu chake mashuhuri cha elimu ya hadithi. Humo wametajwa Ataa ibn as-Saaib wa Kufa na Said ibn Abi Aruba wa Basra. Hawa walikuwa wabebaji wa maneno ya Mtume! Maulamaa walifanyaje? Hawakuwatukana, wala hawakusema wamelaaniwa. Walitenganisha: aliyosimulia kabla ya kuchanganyikiwa yanapokewa, ya baadaye yanaachwa. Heshima ikabaki, tahadhari ikachukuliwa. Wallahi, tungeishika adabu hii majumbani kwetu, wazee wangepumzika.

Mambo ya kufanya ni haya.

Kwanza, mpeleke hospitali mapema. Si kila kusahau ni dimenshia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea kufanya kazi, msongo na huzuni nzito, baadhi ya dawa, au damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka, vyote huleta hali inayofanana, na vingi vina tiba. Mzee akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, huenda ni malaria au maambukizi ya mkojo. Huyo akimbizwe leo leo. Dimenshia yenyewe wengi wao haina tiba ya kuiondoa, lakini zipo dawa na njia za kumpunguzia mzee adha.

Pili, acheni kuwatesa kwa jina la tiba. Kumsomea mzazi Qur'ani kwa upole ni kheri. Kumfunga kamba, kumpiga "ili jini litoke", kumfukiza moshi hadi akohoe damu, huo ni ukatili. Mnajua pia yaliyowafika vikongwe Kanda ya Ziwa, Tanzania, na wazee wa Kilifi, Kenya: wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na nyuma ya baadhi ya tuhuma hizo kuna tamaa ya shamba. Mzee aliyepotea usiku akakutwa alfajiri uani kwa jirani, nguo zimemvuka, watu husema kaanguka na ungo. Katoka kutafuta nyumba ya utotoni mwake! Mfunike nguo, mpe maji, mrudishe kwao.

Tatu, msimkaripie katika ibada. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kalamu imeondolewa kwa aliyelala hadi aamke, mtoto hadi abaleghe, na aliyepotewa na akili hadi zimrudie. Mzee ambaye fahamu zimemtoka hadaiwi swala wala saumu. Zikimrudia kwa muda, aswali anachoweza. Akiswali adhuhuri mara tatu, mwache, usimcheke.

Nne, ogopeni mali yake. Kumshikisha kalamu mzee asiyejua anasaini nini, ili nyumba iandikwe jina lako, ni wizi, hata ukiwa mtoto wa kwanza. Suratul Baqara aya ya 282 imeagiza kuwa mwenye deni akiwa dhaifu asiyeweza kutamka mwenyewe, msimamizi wake amwandikishie kwa uadilifu. Zingatia neno hilo, uadilifu. Wasia na madeni yaandikwe mapema, akili ingali timamu, mbele ya mashahidi.

Tano, mgawane ulezi. Nyumba nyingi mzigo wote anaachiwa binti mmoja, au mkamwana, na ndugu wengine wanapiga simu kutoka mjini kutoa maagizo. Anayeamka usiku mara tano naye ni binadamu. Njoo umpokee wiki moja. Tuma pesa za nepi bila kuombwa. Allah alipotukataza kuwaguna wazazi, katika Suratul Israa aya ya 23, alitaja hasa wanapofikia uzee wakiwa kwetu. Alijua ni hapo ndipo subira yetu itakapokatika.

Nanyi vijana, tengenezeni uzee wenu leo. Tume ya jarida la kitabibu la The Lancet ilieleza mwaka 2024 kuwa karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14. Miongoni mwake ni presha, kisukari, sigara, kukaa bila mazoezi, upweke, na masikio au macho yasiyotibiwa. Basi pima presha. Tembea kwa miguu kwenda msikitini. Mzee asiyesikia, mtafutie kifaa cha masikio, na msimwache peke yake barazani.

Ndugu yangu, mama anaweza kufika siku asijue wewe ni nani. Hilo linauma. Lakini wewe bado unajua yeye ni nani, na wema ulioamrishwa unasimama juu ya kumbukumbu yako wewe.

Allaahumma tujaalie mwisho mwema, utuhifadhi na umri wa udhalili, na uwarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Aamiin.

Mfikishie na ndugu yako anayeuguza mzazi.