Mzee akitaka kutoka nje, mwacheni atoke

Kuna tabia inayozidi kuenea katika miji yetu ambayo mimi kama daktari nimeshindwa kuinyamazia. Mtu akishapata kazi nzuri na nyumba ya vyumba vitatu, humwendea baba au mama yake mashambani, humleta mjini, humkalisha kwenye kochi mbele ya televisheni na kumwambia, "Baba, umefanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika." Nia ni njema kabisa. Lakini haupiti mwaka kabla ya mzee yuyo huyo kuletwa kliniki akiwa ameshikwa mikono yote miwili, na mwanawe akitaka kujua ni ugonjwa gani uliomwingia.

Mara nyingi hana ugonjwa mpya hata mmoja. Kilichompata ni kochi.

Nina mgonjwa mmoja, mzee wa miaka 79 kutoka Ukambani. Ujanani alikuwa mwindaji wa upinde na mishale, na hadi leo anaweza kukueleza kwa saa nzima jinsi ya kufuata nyayo za swara mahali penye mawe. Uwindaji ulipopigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, aliuweka upinde darini lakini hakuacha kutembea. Alihamia kwenye mizinga ya nyuki na mbuzi. Alitoka alfajiri, akarudi jioni, akafanya hivyo kwa miaka 40 na zaidi, hadi wanawe walipomleta Nairobi kukaa orofa ya nne. Aliponijia baada ya miaka miwili, hakuweza kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Moyo ulikuwa sawa. Sukari ilikuwa sawa. Mapaja ndiyo yaliyokuwa yamekwisha.

Msomaji, mwili wa mzee una tofauti moja kubwa na wako wewe wa miaka 30. Baada ya umri wa miaka 50 hivi, binadamu hupoteza kama asilimia moja hadi mbili ya misuli yake kila mwaka, na nguvu hupungua haraka kuliko misuli yenyewe. Kijana akilazwa wiki moja kwa malaria, akipona hurudisha alichopoteza bila hata kufikiri. Mzee harudishi kwa urahisi. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2007, wazee wenye afya njema walikubali kulala kitandani siku 10 tu. Walipoinuka, kila mmoja kwa wastani alikuwa amepoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Siku 10! Sasa fikiria miaka miwili ya kochi.

Wako watu watakaosema kwamba uzee ni uzee tu, na kwamba mwili lazima uchakae. Hao ningewapeleka ng'ambo ya mpaka, kwenye Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, wanakoishi Wahadzabe. Baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda na kuchimba mizizi. Wanasayansi waliwavisha vifaa vya kupima mapigo ya moyo, na matokeo yakatolewa mwaka wa 2017. Kwa wastani walikuwa wakifanya kazi ya kuutoa mwili jasho kwa dakika 135 kwa siku, na wenye umri mkubwa hawakuwa nyuma ya vijana. Shirika la Afya Duniani linatuomba sisi watu wa mijini tufikishe angalau dakika 150 kwa wiki nzima, na wengi hatufiki. Shinikizo la damu, ambalo hapa kwetu tumelizoea kama mvi, ni nadra kwa Wahadzabe, hata kwa wazee wao.

Wala si wanaume peke yao. Akina nyanya wa Kihadzabe wanajulikana na watafiti tangu miaka ya 1980 kwa bidii ya kuchimba mizizi kwenye ardhi ngumu kama saruji, ili wajukuu wapate kula wakati mama zao wananyonyesha.

Jambo lililonivutia zaidi ni la mwaka wa 2020. Ilipopimwa, ikaonekana kwamba Wahadzabe nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na mtu wa ofisini. Tofauti ni namna wanavyopumzika. Wao huchutama, hupiga magoti, hukaa chini, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kochi la sponji linaizimisha kabisa. Ndiyo maana nasema kile kigoda cha miguu mitatu alichoacha mzee wako kijijini kilikuwa na faida ambayo hukuiona. Kila alipoinuka kutoka kwenye kigoda kile, alikuwa akifanya zoezi ambalo siku hizi watu hulilipia kwenye jimu.

Simwambii mtu yeyote arudie uwindaji. Sheria ya wanyamapori ya Kenya haina mzaha, na swara wenyewe wamebaki wachache. Ninachosema ni kwamba mwindaji mzee alipata vitu vitatu kwa pamoja: kutembea, mwanga wa jua, na sababu ya kuamka. Hicho cha tatu ndicho watoto wanachokisahau. Ukimwambia mzee atembee akizunguka jengo mara 10 kwa ajili ya afya, ataacha siku ya tatu. Mpe mbuzi wawili, au mizinga, au mjukuu wa kumpeleka shule, uone kama ataacha. Tume ya wataalamu ya jarida la Lancet, katika ripoti yake ya 2024, ilitaja kukaa bila kujishughulisha na upweke miongoni mwa mambo yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mzee aliyefungiwa ndani kutwa nzima, watu wote wakiwa kazini, ameyapata yote mawili kwa wakati mmoja.

Najua hofu yenu. "Daktari, akianguka je?" Hofu hiyo si ya bure. Ulimwenguni watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wazee ndio wengi. Mfupa wa nyonga ukivunjika mtu akiwa na miaka 80, hilo ni jambo zito sana. Hata hivyo, kumkalisha mzee ili asianguke ni kumwandaa aanguke siku atakayoinuka kwenda msalani usiku. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja mwaka wa 2019 zilionyesha kwamba mazoezi, hasa ya kusimama imara na ya miguu, hupunguza kuanguka kwa karibu robo moja.

Badala ya kumzuia, mpelekeni apimwe. Macho kwanza, kwa sababu mtoto wa jicho huangusha wazee wengi na upasuaji wake si mkubwa. Kisha dawa. Leteni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile alizonunua dukani bila cheti. Za kupunguza maji mwilini, za usingizi na baadhi ya zile za shinikizo la damu zinaweza kumfanya apate kizunguzungu akiinuka ghafla. Daktari akipima shinikizo mzee akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, atajua. Mwenye kisukari asitembee miguu mitupu, kwa kuwa anaweza kukanyaga mwiba asisikie. Na kama anadungwa insulini, asiende malishoni bila kula, na awe na peremende mfukoni. Maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi akitembea tambarare, au mguu mmoja kuvimba ghafla, hayo si ya kusubiri hadi Jumatatu.

Yule mzee wa Ukambani tulibishana juu yake, mimi na mwanawe, kwa muda mrefu. Kijana aliogopa baba yake asije akafia porini peke yake, na sikuweza kumwahidi kwamba halitatokea. Nilimuuliza tu baba mwenyewe anasemaje, naye mzee akajibu kwamba afadhali nyuki kuliko televisheni. Alirudi kwao. Ana fimbo, ana simu shingoni, na kuna kijana wa jirani anayelipwa kidogo kufuatana naye kwenye mizinga ya mbali. Hajarudisha nguvu zake zote na sitarajii azirudishe, lakini kitini anainuka mwenyewe.

Kwa wale ambao hawana kwao pa kurudi, ngazi za ghorofa zenyewe ni dawa. Mzee ashuke mara moja kwa siku, mtu akiwa mbele yake, akishika ukuta au chuma cha pembeni, akae juani asubuhi, kisha apande polepole. Nairobi bado tuna Arboretum, na tuna Msitu wa Karura ambao Profesa Wangari Maathai alishambuliwa akiutetea mnamo Januari 1999.

Jambo moja ni la serikali za kaunti. Wazee wa kiume wenye tezi dume, na akina mama wasioweza kuzuia mkojo kwa muda mrefu, huniambia waziwazi kwamba hawatoki kwa sababu hawajui watajisaidia wapi. Vijia vya waenda kwa miguu vimejaa bodaboda, na benchi la kupumzikia ni la kutafuta kwa tochi. Katika bajeti ijayo ningependa kuona vyoo safi karibu na vituo vya matatu na bustani zote, vyenye kishikio ukutani na mlango wa kufunguka kwa nje, na wenye umri wa zaidi ya miaka 60 waingie bila kulipa.