Pedali za Staa Siyo Sauti Yako: Vijana wa Gitaa Wanavyochoma Hela kwa Ajili ya Picha

Wadau wa gitaa wengi wameiona ile picha. Mpiga solo mmoja wa bendi inayojaza kumbi jijini Dar aliposti zulia lake la jukwaani: pedali tisa zimepangwa, taa nyekundu na za bluu zinawaka kama daladala ya usiku. Maoni yakafurika. Nusu ya watu wanauliza bei, nusu nyingine wanawatagi washkaji zao. Wiki hiyo hiyo ikazunguka klipu ya mzee mmoja wa muziki wa dansi, mtu aliyeanza kupiga magitaa kabla hao wanaokoment hawajazaliwa, akiwa na visanduku viwili tu miguuni. Yule wa tisa akaitwa mfalme. Mzee wa viwili akachekwa, akaambiwa amepitwa na wakati.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Siku hizi pedali zimekuwa kama raba, mtu anataka zile alizovaa staa. Lakini raba ya staa hata ikikubana utatembea nayo kibishi hadi nyumbani. Pedali isiyokufaa inakuumbua mbele ya watu, kwenye spika, kwa sauti ya juu.

Pedali huchaguliwa kwa vitu vitatu: spika unayopigia, nyimbo unazopiga, na ukumbi unaosimama. Picha ya staa haina hata kimoja kati ya hivyo.

DOGO WA BENDI YA HARUSI

Kuna dogo mmoja, jina liwekwe pembeni, Jumamosi anapiga kwenye harusi na Jumapili anapiga kanisani. Kidole anacho, hilo halina ubishi. Baada ya kuiona ile picha hakulala. Akauza simu yake, akamwomba mama yake amkopee kwenye kikoba, akajikusanya akanunua mbili kati ya zile tisa: ovadraivu, yaani ile inayolifanya gitaa likwaruze, na dilei, yaani ile ya mwangwi. Karibu milioni moja ikaondoka.

Jumamosi ikafika. Dogo akachomeka gitaa kwenye pedali, pedali moja kwa moja kwenye miksa, kama bendi nyingi za harusi zinavyofanya. Alipokanyaga ovadraivu, ukumbi mzima ukasikia nyigu. Siyo gitaa, nyigu! Akakanyaga dilei ili aokoe jahazi, mwangwi ukaanza kwenda upande wake na ngoma upande wake. Maharusi wanaingia, wageni wanageuka kuangalia nini kimeharibika. Kiongozi wa bendi akamfuata akamwambia azime kila kitu. Jumamosi iliyofuata kwenye kiti chake alikaa mtu mwingine, na marejesho ya kikoba yako palepale yanamsubiri mama.

Watu wakasema dogo kauziwa feki. Hapana. Pedali zilikuwa nzima kabisa. Zilikuwa tu jibu la swali la mtu mwingine.

NYIGU ILITOKA WAPI?

Ovadraivu inaongeza nguvu ya sauti ya gitaa mpaka vilele vyake vikatike. Kule kukatika ndiko kunakoleta mkwaruzo. Tube Screamer ya Ibanez, ile ya kijani iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupata jina kubwa kupitia watu kama Stevie Ray Vaughan, ilipendwa kwa sababu moja kubwa: inapunguza besi, inasukuma sauti za katikati, halafu inaisukuma amplifaya ya taa ambayo tayari iko karibu kukwaruza yenyewe. Maana yake pedali pale inafanya nusu ya kazi. Nusu nyingine inafanywa na amplifaya pamoja na spika yake.

Ukiichomeka kwenye miksa, ile nusu ya pili haipo. Spika ya gitaa inazichuja zile sauti kali za juu kabisa. Spika za ukumbi hazichuji, zimetengenezwa zitoe kila kitu, kuanzia besi mpaka mlio wa matoazi. Kwa hiyo ukali wote ambao amplifaya ya gitaa ingeumeza, wageni wa harusi wanaumeza wao. Ndiyo ile nyigu.

Staa wa picha ana amplifaya nyuma yake na maikrofoni mbele ya spika. Kamera haikuvifikia. Dogo alinunua nusu ya sauti kwa bei ya sauti nzima.

Kwa anayepigia kwenye miksa, hela ya kwanza ingekwenda kwenye kifaa kinachoiga amplifaya na spika, kikae mwisho wa mstari kabla ya miksa. Siku hizi hata pedali za pamoja, zile zenye efekti nyingi ndani ya sanduku moja, nyingi zina kazi hiyo ndani yake. Hazipendezi kwenye picha, lakini harusi inaisha vizuri. Na mwenye amplifaya yake asikimbilie mkwaruzo mwingi. Aweke mkwaruzo chini, sauti ya pedali juu, aache amplifaya ifanye kazi. Boss SD-1, ile ya njano iliyopo tangu 1981, inafanya hivyo vizuri sana, na ni kati ya pedali za bei ya chini za kampuni hiyo.

MWANGWI UNA HESABU

Kwenye dilei ndiko vijana wanapigwa zaidi, kwa sababu dukani kila dilei inasikika tamu. Upo peke yako, hakuna ngoma, hakuna besi, unapiga noti moja inarudi mara tano, unajiona uko Wembley. Ukirudi kwenye bendi, yale marudio lazima yakae ndani ya mapigo ya wimbo. Yasipokaa, bendi nzima inaonekana imelewa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Chukua 60,000, gawa kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, unapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa mapigo 120 unapata 500. Wanaotaka ule mwangwi wa kukimbizana aliotambulika nao The Edge wa U2, unaotumika sana kwenye nyimbo za kuabudu siku hizi, wanachukua robo tatu ya pigo, yaani 375.

Sasa chukua wimbo wa kuabudu wa taratibu, mapigo 72. Pigo moja ni kama 833. Robo tatu yake ni 625. Angalia pedali zinazosifiwa: Boss DM-2 ya zamani inafika 300 tu. MXR Carbon Copy, ambayo watu wanaililia kwa ule mwangwi wake wa giza na joto, inaishia 600. Haifiki! Boss DD-3 inafika 800, kwa hiyo robo tatu inaiweza ila pigo zima la wimbo huo haliwezi. Mtu anaweza kutoa laki kadhaa kwa pedali nzuri sana, ya kampuni nzuri sana, na isiweze wimbo anaoupiga kila Jumapili. Namba hizo zimeandikwa kwenye maelezo ya pedali, bure. Ila nani anasoma wakati picha ipo?

Halafu kuna suala la kugonga mapigo. Bendi nyingi za kwetu hazipigi na mashine ya kuhesabu. Mpiga ngoma akipata mzuka anaongeza mwendo, mchungaji akianza kulia wimbo unapungua. Dilei ya kuzungusha kwa mkono itaachwa njiani. Anayepiga live anahitaji yenye sehemu ya kugongea mapigo kwa mguu, au angalau yenye tundu la kuchomeka swichi ya kugongea, kama DD-3T iliyotoka 2019. Sehemu hiyo ndogo ina faida kuliko aina kumi na mbili za mwangwi ambazo mtu hatazitumia.

Na anayepiga sebene? Huyu shida yake ni tofauti kabisa. Sebene inataka noti safi, zinazokimbia, kila moja isikike. Ukiweka mwangwi mrefu unajaza yale matundu ambayo ndiyo yanawainua watu kwenye viti. Mwangwi mfupi wa milisekunde 100 hivi, urudi mara moja tu, kwa sauti ya chini, unatosha kulinenepesha gitaa bila kulifunika. Wengine hawahitaji hata huo. Ukumbi wa kuta tupu na paa la bati tayari ni dilei, tena haina swichi ya kuzima.

Yule mzee aliyechekwa anajua haya yote bila kushika kikokotoo. Visanduku vyake viwili havimaanishi amefulia. Ameshajua anachokihitaji, akaacha mengine dukani.

UMEME NAO

Kitu kidogo kinachoua pedali nyingi ni chaja. Pedali nyingi ndogo zinatumia volti 9, na hasi iko katikati ya kichwa cha chaja. Chaja nyingi za ruta za intaneti ni volti 12, na katikati ni chanya. Kichwa kinaingia vizuri tu, hata hakigomi. Kisha moshi. Kabla ya kuchomeka, soma ule mchoro mdogo wa duara kwenye pedali na kwenye chaja, vifanane.

Pia kuziunganisha pedali zote kwenye chaja moja yenye mikia mingi mara nyingi kunaleta ule mvumo, hasa dilei ya kidijitali ikiwa humo ndani. Mtu analaumu pedali, kumbe ni umeme. Mwenye hela ya pedali tatu anunue mbili, inayobaki inunue chaja nzuri na waya nzuri. Kwenye picha havionekani, lakini vinasikika.

TUSIWE WANAFIKI LAKINI

Wapo wakongwe watakaosoma hapa washangilie, waseme pedali zote ni ujinga, gitaa ni kidole. Taratibu. Ni kweli Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 akiwa tayari gwiji, miaka minne kabla Boss hawajatoa DD-2, dilei ya kwanza ya kidijitali ya ukubwa ule wa pedali ndogo. Gitaa lake bado linasikilizwa mpaka leo. Lakini hiyo haimaanishi kijana wa leo apige wimbo wa kuabudu wa kisasa kwa sauti kavu halafu aambiwe ana roho ya uvivu. Nyimbo zimebadilika, na baadhi zimetungwa juu ya mwangwi wenyewe. Ukiutoa, wimbo unabaki mifupa.

Na yule staa wa pedali tisa naye asionewe. Anapiga nyimbo za aina nyingi kwa usiku mmoja, ana fundi mitambo, ana gari la kubebea, na huenda kila pedali pale ina wimbo wake. Kosa lake ni dogo: aliposti vifaa bila kusema vinafanya nini. Kosa kubwa ni la sisi mashabiki tunaompima mpiga gitaa kwa idadi ya taa miguuni. Tunamsukuma dogo akope, halafu akiharibu harusi tunamrekodi.

KWA ANAYETAKA KUNUNUA MWEZI HUU

Andika nyimbo kumi unazopiga kweli, siyo unazoota kupiga. Tafuta mapigo ya kila moja, fanya ile hesabu, ujue mwangwi wako mrefu kabisa ni wa milisekunde ngapi. Jiulize unapigia kwenye amplifaya au kwenye miksa. Ndipo uende dukani, na uende na gitaa lako mwenyewe. Ukifika omba ujaribu kwenye kitu kinachofanana na unachotumia, siyo kwenye amplifaya kubwa ya dukani inayofanya kila kitu kiwe kitamu. Ukiunganisha, anza na ovadraivu kisha dilei, ili mwangwi uwe wa noti iliyokwisha kukwaruzwa. Ukigeuza, marudio yote yanakwaruzwa pamoja na kuwa uji.

Hela ikiwa ya pedali moja tu, mpiga harusi na sebene achukue kifaa cha kuiga amplifaya, mpiga nyimbo za kuabudu achukue dilei ya kugonga mapigo, na mpiga roki mwenye amplifaya yake achukue ovadraivu. Kama ni hela ya mkopo, asubiri. Hakuna mgeni wa harusi aliyewahi kurudi nyumbani akisifia sanduku la kijani.

Wadau, nani mwenye haki hapa: mzee wa pedali mbili au staa wa tisa? Na wewe unayepiga kwenye miksa, nyigu umemtuliza vipi? Dondosha koment, wengine wajifunze kabla hawajauza simu.