Haki ya Kuharibu Seva

Mwaka wangu wa kwanza wa ajira, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilifuta saraka nzima ya seva nikidhani nimo ndani ya saraka nyingine. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kufikia saa tano foleni ya wananchi ilikuwa imefika getini, na nakala rudufu ya mwisho ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Chuoni nilikuwa nimefaulu somo la usimamizi wa mifumo kwa alama za juu, kwa kuandika amri za Linux kwenye karatasi. Karatasi, ndugu msomaji, haizimiki.

Leo nafundisha somo hilohilo hapa Moshi, na baadhi ya wanafunzi wangu husoma kwa mtandao wakiwa Rombo, Marangu na Machame. Wengi ni watumishi wa umma. Kosa nililolifanya mimi wao hawana pa kulifanyia ila kazini, na ndiyo maana natetea mashine pepe: kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, yenye diski, kumbukumbu na kadi ya mtandao za kuigiza. Wazo si geni. IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972. Siku hizi VirtualBox na Debian hupatikana bila malipo. Debian isiyo na madirisha huridhika na kumbukumbu ya megabaiti 512, hivyo kompyuta mpakato ya gigabaiti 4 hubeba seva mbili, moja ya tovuti na nyingine ya hifadhidata, zikazungumza zenyewe bila kugusa intaneti. Mwanafunzi huhifadhi hali ya mashine, huivuruga apendavyo, kisha huirudisha ilivyokuwa.

Tatizo ni namna tunavyoifikisha. Kozi nyingi za mtandaoni humtaka mwanafunzi akodi seva ya nje kwa kadi ya benki na kulipa kwa dola, au apakue faili la gigabaiti kadhaa kwa bando lake mwenyewe. Masika yakiingia, umeme mlimani ukakatika, upakuaji huanza upya. Anayesalia darasani ni mwenye fedha, si lazima awe mwenye akili. Mashine hiyo ingeweza kusafiri kwenye flashi, mara moja tu, siku mwanafunzi anaposhuka mjini kujisajili. Baada ya hapo mtandaoni yapite maelezo na majibu peke yake, ambayo ni maandishi mepesi.

Kuna vikwazo vidogo ambavyo wapanga mitaala hawavijui. Kompyuta nyingi za mitumba huja zikiwa zimezimwa uwezo wa kuendesha mashine pepe, na swichi yake imefichwa katika mipangilio ya BIOS. Jioni moja nilikaa na simu sikioni saa nzima nikimwongoza mwanafunzi aliyekwisha kuamini kwamba ameuziwa kompyuta mbovu.

Wenzangu husema mtihani wa namna hii utaibwa, kwa kuwa faili hunakiliwa. Kweli hunakiliwa. Basi kila mmoja apewe mashine yenye hitilafu yake, aitengeneze, kisha anieleze kwa simu kwa nini alianza pale alipoanzia. Nakiri kwamba mashine pepe haifundishi vumbi, joto wala betri ya akiba iliyochoka. Hayo yataka mikono na chumba cha kweli.

Tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hatuwezi kuliona jambo hili kama la mafundi pekee. Anayeshika nywila ya seva ya halmashauri ameshika kumbukumbu za watu. Wazee wa Kichagga hawakumfundisha kijana mfongo kwa maelezo. Alipewa jembe siku ya kuzibua, akaona mwenyewe maji yanakokwenda akifungua mahali pasipo pake. Sisi tunamkabidhi kijana mfereji wa wilaya nzima kwa sababu alijibu vizuri maswali ya kuchagua.

Muhula ujao nitaanza na darasa langu, flashi moja kwa kila mwanafunzi. Zoezi la kwanza nimekwisha kuliandika: hifadhi hali ya mashine yako, futa saraka ya /etc, iwashe upya, kisha niandikie ulichokiona.