Bustani ya Nyumbani: Mtende Ulioungua kwa Baridi

Ndugu msomaji, kwa desturi ukurasa huu huzungumza habari za mchicha, mipapai na maua ya barazani. Juma hili naomba ruhusa yako tutoke nje ya mipaka yetu, twende mpaka mji wa Houston, katika jimbo la Texas, Marekani. Hatuendi huko kwa matembezi. Twaenda kwa sababu ya kosa nililolitenda mimi mwenyewe, na ambalo nisingependa wewe ulitende, maana siku hizi ni familia chache mjini zisizo na mtoto au ndugu aishiye katika nchi za baridi.

Mpwa wangu anafanya kazi Houston. Mwaka 2012 marehemu dada yangu, mama yake, alikwenda kumtembelea akakaa miezi mitatu. Alipoona ua wa mbele ni nyasi tupu, alisema kuwa nyumba isiyo na mti wa makuti haijawa nyumba. Mwanawe akanunua miche miwili, wakaipanda pamoja, mmoja kila upande wa njia iingiayo mlangoni. Haikuwa mitende izaayo tende zile tunazofuturia, bali jamaa yake wa karibu, mtende wa Visiwa vya Kanari, ambao wataalamu wa mimea huuita Phoenix canariensis. Dada yangu alifariki miaka mitatu baadaye. Mitende ikabaki.

Katikati ya mwezi Februari 2021 baridi kali ilishuka kutoka ncha ya kaskazini ya dunia ikalifunika jimbo zima la Texas. Houston, mji ambao hali yake ya hewa kwa sehemu kubwa ya mwaka ni ya joto na unyevu kama pwani yetu, ulifikia nyuzi 10 chini ya sifuri. Dallas, ulioko kaskazini zaidi, ulifikia nyuzi 19 chini ya sifuri. Umeme ulikatika katika nyumba zaidi ya milioni 4, mabomba ya maji yakapasuka, na serikali ya jimbo baadaye ilihesabu vifo 246. Mbele ya msiba wa namna hiyo, kuzungumza habari za miti ni kama utovu wa adabu, na kwa kweli katika siku zile hakuna aliyeutazama mti. Lakini baridi ilipoondoka watu walitoka nje, na bustani zao zote zilikuwa rangi ya nyasi kavu.

Mwezi Machi mpwa wangu alinipigia simu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba. Habari za huko?"

"Njema, ila mitende ya mama imekufa. Yote miwili. Nimelivuta kuti la katikati likatoka lote mkononi, na chini limeoza, linanuka."

Mimi nimekulia Pangani, kati ya minazi, na mtu aliyekulia kati ya minazi hujiona bingwa wa kila kitu chenye makuti. Nimeona minazi mingi iliyotobolewa na chonga, ikaoza moyo, ikafa. Basi sikufikiri hata dakika moja. Nilimwambia: "Mti uliooza moyo haufufuki, mjomba. Ikate yote, upande mingine."

Akatii. Mkataji akaja, akaukata wa kushoto. Fedha zilitosha mti mmoja tu, na wa pili ukaahirishwa hadi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipofika, fedha ziliishia kwa fundi wa mabomba. Mwezi Juni mpwa wangu aliniletea picha ya mtende wa kulia, pasipo neno lolote. Kileleni kulikuwa na kuti jipya. Lilikuwa limepinda, ncha yake imekatika kana kwamba imepitiwa na mkasi, lakini sehemu ya chini ilikuwa kijani kibichi.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyopaswa kuyajua kabla ya kufungua kinywa.

Kwanza, kuti la katikati si moyo. Kuti lile changa lililofumbata na kusimama kama mkuki ni jani tu, ingawa ni jani lililo karibu na moyo kuliko mengine yote. Moyo wenyewe, ile sehemu laini ambayo watu wa mwambao huiita shaha, uko chini zaidi, ndani ya vikonyo vilivyopishana tabaka juu ya tabaka. Baridi huanza kuua ncha za makuti, kisha makuti yote, kisha lile kuti la katikati, kwa kuwa ni changa na limejaa maji. Kuti hilo likifa huoza, kwa kuwa ukungu na bakteria huvamia kitu kilichokufa, na uozo ukiachwa huteremka. Baadhi ya miti huuawa na uozo huo majuma kadhaa baada ya baridi kupita, na wala si baridi yenyewe. Lakini katika mingi moyo ungali mzima, nao unahitaji joto na muda tu ili ulisukume kuti jipya.

Hapa ndipo tofauti kati ya mtende na mwembe inapoonekana. Mwembe ukikatwa kilele huchipua ubavuni, na chini ya gamba lake kuna tabaka hai liongezalo unene wa shina na kuziba majeraha. Mtende, kama mnazi, hauna tabaka hilo, na wenye shina moja una chipukizi moja tu kwa maisha yake yote. Likifa hilo, mti umekwisha, hata kama shina lina afya. Tena, ukiutazama ubao wa mnazi utaona vidoa vyeusi vilivyotawanyika. Hivyo ni vifungu vya mirija ipitishayo maji na chakula, na mirija hiyo ikiharibiwa na barafu haifanywi upya. Ndiyo maana mtende waweza kuchipua mwaka wa kwanza ukashangiliwa, kisha ukanyauka mwaka wa pili au wa tatu, shina likiwa limeshindwa kupandisha maji ya kutosha.

Basi mti wa namna hii wawezaje kuishi mahali penye barafu? Miti ya nchi za baridi aghalabu hupukutisha majani ikalala. Mtende haujui kulala. Husimama na majani yake na kuyakabili yajayo. Maji yaliyo baina ya chembechembe hai ndiyo yanayoganda kwanza. Chembe zenye utomvu mzito wenye sukari nyingi huvumilia hali hiyo kwa kiasi, lakini barafu ikijitengeneza ndani ya chembe yenyewe, chembe hupasuka na kufa. Moyo nao hukingwa na nguo zake. Ewe uliyepata kuona kilifu cha mnazi, kile kitambaa cha asili kinachozunguka makuti machanga, piga picha ya kilifu kinene mara kumi, kimefunika shina kuanzia juu hadi chini. Joto la ndani hupungua polepole, hivyo baridi ya usiku mmoja huenda isiufikie moyo kabisa, ilhali baridi ya siku tatu mfululizo huufikia. Kwa sababu hiyo hiyo mti mkubwa huvumilia kuliko mche, na baridi kavu ina nafuu kuliko baridi yenye mvua, kwa kuwa maji yanayotuama kileleni huganda papo hapo juu ya moyo.

Jamii hii ya miti haina nguvu sawa. Mnazi wetu huanza kuumia kabla barafu haijatokea, na ndiyo maana huuoni Njombe wala Makete, kwa wenzetu waijuao sakitu. Pale Texas, miti mirefu myembamba ya Washingtonia robusta, iliyopangwa kando ya barabara nyingi, ilikufa kwa wingi mwaka 2021. Jamii ya Sabal, ambayo ni wenyeji wa Marekani, ilistahimili vizuri. Mmoja wao, Sabal minor, ni mdogo na wa ajabu, kwani shina lake aghalabu limo ardhini na moyo wake umelala chini ya udongo, ambako baridi huchelewa kufika. Huo huota porini hata katika jimbo la Oklahoma. Mwingine mwenye asili ya kusini mashariki mwa nchi ile, Rhapidophyllum hystrix, umejizungushia miiba mirefu kama ya nungunungu, nao huvumilia nyuzi 20 chini ya sifuri.

Lakini uliosafiri zaidi ni mtende wa Kichina, Trachycarpus fortunei, wenye majani kama upepeo. Mskoti mmoja mkusanya mimea, Robert Fortune, alipeleka miche yake Uingereza mwaka 1849, na jina la pili la mti huo latokana naye. Wakulima wa China waliutumia tangu kale: nyuzi za kilifu chake zilifumwa kamba na makoti ya mvua. Leo umesimama katika nyua za nyumba nyingi za Uingereza, theluji juu ya majani yake. Katika jimbo la Ticino, kusini mwa Uswisi, umezoea hata ukapita kiasi. Umetoroka bustanini ukaingia msituni, na tangu Septemba 2024 serikali ya Uswisi imekataza kuuuza. Huo nao ni mkasa, mgeni aliyeogopewa kufa kwa baridi sasa kuzuiwa asizidi kuenea!

Sasa, ndugu msomaji, ikiwa mwanao yuko katika nchi hizo na ameupanda mti wa aina hii, mpelekee maneno haya. Aupande karibu na ukuta wa matofali unaopigwa na jua la mchana, kwani ukuta huhifadhi joto na kulitoa usiku. Asiutie mbolea ya chumvichumvi mwishoni mwa kiangazi ili kuulazimisha utoe majani mororo wakati baridi i mlangoni. Baridi ikitangazwa, aumwagilie udongo maji mapema, maana udongo wenye unyevu huhifadhi joto kuliko udongo mkavu, lakini kileleni asimwage hata tone. Afunike mizizi kwa tabaka nene la majani makavu au vipande vya mbao. Kisha ayafunge makuti pamoja kuelekea juu na kukizungushia kilele blanketi au gunia. Nailoni isiguse majani. Baadhi ya watu huzungushia taa ndogo za umeme zitoazo joto, na ni njia nzuri, ila usiku ule wa Februari umeme ulikatika na waliotegemea taa pekee walibaki mikono mitupu. Baridi ikipita, nguo zote ziondolewe, kwa kuwa mti uliofungwa kwa majuma mengi huota ukungu.

Baada ya baridi, kazi kubwa ni kuizuia mikono. Kuti lililoungua nusu lisikatwe hadi hatari yote iishe, kwa sababu nusu iliyobaki kijani ndiyo jiko la mti, na hata yaliyokufa kabisa huukinga moyo dhidi ya baridi inayofuata. Kuti la katikati likitoka mkononi, shimo lililobaki lisafishwe, likaushwe, kisha limiminiwe dawa ya ukungu yenye shaba, ya namna ile wakulima wetu wa kahawa wanayoitumia dhidi ya kutu ya majani, na irudiwe mara moja baada ya siku saba hadi kumi. Hatimaye asubiri. Si majuma mawili. Asubiri mpaka joto la kiangazi cha huko limekolea, yaani Julai au hata Agosti. Kuti la kwanza likitokea limepinda na ncha imekufa, asiogope, maana hilo liliumia lingali tumboni. Yafuatayo yatanyooka.

Karibu na Krismasi ya mwaka 2022 baridi ilirudi Houston, nyuzi 9 chini ya sifuri. Safari hii mpwa wangu alikuwa tayari. Aliumwagilia mti siku mbili kabla, akaufunga blanketi tatu na gunia, akazifungua siku ya tatu. Baadhi ya makuti ya nje yaliungua, lakini kuti la katikati halikutikisika.

Upande wa kushoto wa njia kilibaki kisiki. Nilimshauri apande mtende mwingine wa Kanari ili njia iwe na pacha kama alivyotaka mama yake. Alicheka kidogo, akasema: "Mjomba, kwa heshima zote, safari hii niachie nichague mwenyewe." Akapanda Sabal mexicana, mwenyeji wa bonde la Rio Grande, kusini kabisa mwa jimbo lile. Ni mti ukuao polepole mno. Mara ya mwisho nilipouliza, ulikuwa umefika magotini.

Juma lijalo, tukijaaliwa, tutarudia bustani zetu, na ndugu walioandika juu ya utitiri kwenye mipapai watapata majibu yao.