Nani Aliyemlilia Jamie?

Usiku wa tarehe 15 Desemba 2024, tamthilia ya Marekani iitwayo Yellowstone ilifikia mwisho wake, miaka sita na nusu tangu ilipoanza mwezi Juni 2018. Watazamaji zaidi ya milioni 11 waliifuata nchini mwake usiku uleule, na kabla hakujapambazuka ugomvi ulikuwa umekwisha kuanza. Wengine walisema wametoshelezwa, wengine walisema wamedhulumiwa. Ugomvi wa namna hiyo hatuudharau, ndugu wasomaji. Mtu anapokasirikia mwisho wa hadithi, hutuonyesha kile alichokuwa akikitaka tangu mwanzo.

Kwa wale wasioijua, hii ni hadithi ya jamaa ya Dutton, wenye ranchi kubwa mno ya ng'ombe katika jimbo la Montana. Baba, John Dutton, anailinda ardhi hiyo dhidi ya wote: wajenzi wa mahoteli, benki, serikali, na pia wenyeji wa asili wa hifadhi iitwayo Broken Rock, ambao mababu zao walikuwapo kabla ya Dutton yeyote kukanyaga pale. Hifadhi hiyo ni ya kubuniwa. Montana yenyewe ni ya kweli, na historia yake ni ya kweli.

Lalamiko lililosikika zaidi lilihusu kifo cha baba. Kevin Costner, aliyemchezea John, aliondoka kabla ya sehemu za mwisho, na mwandishi Taylor Sheridan akamwua mhusika huyo mwezi Novemba, mwanzoni kabisa mwa nusu ya pili ya msimu wa tano: amekutwa bafuni katika nyumba ya gavana, kifo kikiwa kimepangwa kionekane kama amejiua. Watazamaji waliomfuata kwa miaka hawakupewa hata nafasi ya kumuaga. Wana haki ya kununa. Lakini mwandishi aliyeondokewa na mchezaji wake mkuu hana njia nyingi, na sisi hatuoni kwamba palikuwa na nyingine iliyo bora sana. Tena walinung'unika kwamba Sheridan alijipa mwenyewe nafasi ndefu, akicheza kama mfanyabiashara wa farasi, wakati hadithi ilikuwa imebakiwa na saa chache tu. Hilo nalo ni kweli, na tuliache hapo.

Kinachotushughulisha ni yale ambayo wengi hawakuyalalamikia.

Katika sehemu ya mwisho, Beth, binti ya John, anakwenda nyumbani kwa kaka yake Jamie, wanapigana, na kwa msaada wa mume wake Rip anamwua kwa kisu. Alikuwa ameapa mbele ya jeneza la baba yao kwamba atalipiza. Kisha anawaambia polisi kwamba Jamie ndiye aliyemshambulia na kutoroka. Maiti inatupwa katika bonde lile ambalo watumishi wa ranchi hulitaja kwa mzaha kuwa ni stesheni ya treni, mahali pasipo na mkazi wala hakimu, ambapo jamaa hiyo imekuwa ikiwatupa adui zake tangu zamani. Na kwa jambo hilo palipigwa makofi. Watu walioshindwa kumsamehe mwandishi kifo cha baba walifurahia kifo cha mwana.

Tunaijua hoja yao, na si hoja nyepesi. Beth alipokuwa msichana mwenye mimba alimwomba Jamie amsaidie kuitoa. Jamie alimpeleka kwenye kliniki akijua kwamba pale angeondolewa pia uwezo wa kuzaa, wala hakumwambia neno. Miaka mingi baadaye Jamie alijiunga na mwanamke aliyekodi wauaji wa John. Hakuitoa amri yeye mwenyewe, lakini alikuwa ameufungua mlango. Mtu wa namna hiyo anastahili mahakama. Ajabu ni kwamba yeye ndiye mwanasheria wa jamaa, aliyepelekwa na baba yake kusomea sheria ili sheria iwatumikie. Na siku hesabu ilipofika, sheria haikukumbukwa na yeyote, si na dada yake, si na watazamaji.

Tukumbuke tena kwamba Jamie alikuwa mtoto wa kulelewa. Aliambiwa ukweli huo akiwa mtu mzima, akadharauliwa mezani, akatumiwa kila palipohitajika uongo wenye saini. Baba yake mzazi alimwua kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amebanwa na Beth. Sisi tuliofundishwa habari za Kaini na Abeli tumezoea ndugu mmoja mwema na mmoja mwovu. Hapa wote wawili wana damu mikononi, na mtazamaji anachagua kwa kipimo kimoja tu: nani anapendeza kumtazama. Beth ana maneno makali na ujasiri. Jamie ana hofu na anatokwa jasho. Misimu mitano ilitosha kuwafundisha watu wazima kwamba mauaji ya mtu mwoga ni haki.

Habari ya ardhi, ambayo tunaiona kuwa sehemu bora ya mwisho huo, ilipokewa kwa utulivu zaidi. Kodi ya urithi ingeimeza ranchi. Ndipo Kayce, mwana mdogo, anawaza kuiuza kwa wenyeji wa asili kwa dola 1.25 kwa ekari, bei ya zamani za kale, kwa sharti kwamba isijengwe wala kuuzwa kamwe, naye abakiziwe pembe ndogo ya kuishi na mke wake, ambaye ni mwenyeji wa asili, na mtoto wao. Mwisho huo ulikuwa umetangazwa. Katika 1883, tamthilia iliyosimulia kufika kwa Dutton wa kwanza, mzee wa wenyeji alimwonya kwamba baada ya vizazi saba watu wake wataichukua tena ardhi, naye akakubali. Waliosema kwamba jamaa ya Dutton imeshindwa walikuwa wamesahau mapatano hayo.

Hata hivyo tuna shaka na jambo moja. Katika hadithi, ardhi inarudi kwa sababu mzungu mwenye moyo mwema amepata wazo zuri. Katika Montana ya kweli haikuwa hivyo. Makabila ya Salish na Kootenai yalitia saini mkataba mwaka 1855. Mwaka 1908 serikali ilijitwalia sehemu ya hifadhi yao kwa ajili ya kufugia nyati. Ekari zipatazo 18,800 zilirudishwa kwa sheria ya Desemba 2020, ndani ya mapatano makubwa ya haki za maji, baada ya kudai kwa miongo mingi. Hakuna Kayce aliyewapa. Walidai, wakajadiliana, wakaandika. Kazi hiyo ndefu haina farasi wala bunduki, na huenda ndiyo sababu televisheni haiijali.

Kuna onyesho fupi baadaye: vijana wa Broken Rock wanaanza kuyaangusha mawe ya makaburi ya jamaa ya Dutton, na Mo, msaidizi wa kiongozi wao, anawakemea na kuwaamuru wayarudishe. Wafu hao walikuwa adui. Mo anawaachia makaburi yao.

Jamie hana kaburi. Ana mtoto mdogo wa kiume, ambaye sehemu ile ya mwisho haikumwuliza wala kumjibu kitu. Ilitangazwa kwamba Beth na Rip wangepewa tamthilia yao wenyewe. Tungependa kujua kama siku moja mtoto yule atabisha hodi katika ranchi yao mpya, na watazamaji waliopiga makofi watakuwa upande wa nani.