Onyo Lisiloeleweka Si Onyo

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Naitrojeni i karibu nasi kuliko nguo: katika kila sehemu 100 za hewa tuvutayo, takriban 78 ni naitrojeni, na 21 tu ndizo oksijeni ituwekayo hai. Ndiyo maana mwanafunzi hufunga kitabu cha sayansi akiamini kwamba gesi hii haina madhara. Huo ni nusu ya ukweli.

Viwandani, naitrojeni hutumiwa kugandisha vyakula na kuondoa oksijeni matangini ili moto usizuke. Ikivuja katika chumba kisichopitisha hewa, oksijeni hupungua. Haina rangi wala harufu. La kutisha zaidi, mwili wenyewe hautoi ishara, kwani kinachotufanya tuhisi kukabwa ni kulimbikana kwa kabonidayoksaidi, wala si uhaba wa oksijeni. Oksijeni ikiwa haba mno, pumzi moja au mbili zatosha kumwangusha mtu.

Mnamo Januari 28, 2021, naitrojeni oevu ilivuja katika kiwanda cha nyama ya kuku mjini Gainesville, Georgia, nchini Marekani. Wafanyakazi sita walifariki, baadhi yao wakiwa wameingia kuwaauni wenzao. Uchunguzi wa serikali ulibaini kwamba wafanyakazi hawakuwa wamefunzwa hatari za gesi hiyo.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopata la kusema. Katika karne ya 18, Lavoisier wa Ufaransa aliiita gesi hii azote, neno lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya 'bila uhai'. Wajerumani huiita Stickstoff, yaani kitu kikabacho pumzi. Majina hayo yenyewe ni onyo. Sisi tulilitohoa jina la Kiingereza, ambalo asili yake ni shura, chumvi ya kutengenezea baruti. Jina letu halimwonyi yeyote.

Je, mabango yetu nayo yanyamaze? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yamtaka mwajiri awape wafanyakazi habari na mafunzo. Katiba ya 2010 yakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Iweje basi kibarua aonywe kwa Kiingereza pekee?

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Sikubaliani nao asilani. Onyo halihitaji istilahi: "Hewa ya humu yaweza kuua. Usiingie bila kifaa cha kupumulia, hata kumwokoa mwenzako."

Walimu wenzangu, tusiishie kuwafunza wanafunzi kwamba naitrojeni ni asilimia 78 ya hewa. Tuwaeleze kwamba ikizidi, hukata roho kimyakimya. Hata yule anayebeba mtungi wa naitrojeni oevu wenye mbegu za kuhimilisha ng'ombe vijijini astahili kulijua hilo, tena kwa lugha aielewayo barabara.