Kufuli la sarafu za Worldcoin analo nani?

WALIOPANGA foleni katika jumba la KICC jijini Nairobi mwishoni mwa Julai 2023 ili macho yao yapigwe picha waliahidiwa sarafu 25 za Worldcoin, ambazo wakati huo zilikuwa na thamani ya Sh7,000 hivi za Kenya. Wengi waliziuza haraka wapate fedha za matumizi. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa za miili ya watu zilizokusanywa zifutwe.

Mjadala ulikuwa wa macho zaidi. Lakini liko jambo jingine lililopita kimya kimya, nalo ni la fedha: waliotengeneza sarafu hiyo walijigawia ngapi, na wanaruhusiwa kuziuza lini?

Kwa mujibu wa mpango walioutangaza wenyewe, sarafu zote ni bilioni 10. Asilimia 75 zilitengewa watumiaji na mradi, asilimia 9.8 timu ya watengenezaji, na asilimia 13.5 wawekezaji wa kampuni ya Tools for Humanity. Zilizobaki ni akiba ya kampuni hiyo. Maana yake timu na wawekezaji walipata sarafu bilioni 2.33, wakati zilizoingia sokoni siku ya kwanza hazikuzidi milioni 143. Aliyewahi kuuza nyanya anajua kinachotokea mzigo wa mara 16 unaposhushwa sokoni kwa siku moja.

Ndiyo maana za wakubwa hao zilifungwa. Kwa mwaka mzima hawakuruhusiwa kuuza hata moja, kisha zilikuwa zifunguliwe kidogo kidogo kila siku kwa miaka miwili. Utaratibu huu umeenea katika miradi ya sarafu za kidijitali, na si mbaya. Unafanana na kiinua mgongo: mhandisi anayejua kwamba malipo yake yako mbele hana haraka ya kuondoka mwezi wa pili na kuacha programu imejaa kasoro.

Na kufuli lilifanya kazi. Machi 2024, bei ilipopita dola 11, mkazi wa Nairobi aliyekuwa bado na sarafu zake 25 alikuwa huru kuziuza. Wenye mabilioni hawakuwa na ruhusa hiyo.

Kufikia Julai 2024 bei ilikuwa imeporomoka. Siku nane kabla ya sarafu za kwanza kufunguliwa, kampuni ikatangaza kwamba asilimia 80 ya zile za timu na wawekezaji zitafunguliwa kwa miaka mitano badala ya mitatu. Soko lilifurahi, bei ikapanda kwa muda.

Mimi sikufurahi sana. Ni kweli safari hii mabadiliko yalimfaa mnunuzi mdogo. Lakini walioandika ratiba ndio hao hao walioibadilisha, na aliyepanga foleni KICC hakuulizwa. Kama muda unaweza kurefushwa kwa tangazo moja, nani amezuia usifupishwe kwa tangazo jingine?

Tena ahadi ya sarafu humfunga mtengenezaji bei ikiwa nzuri tu. Mwishoni mwa 2025 sarafu moja ilikuwa chini ya dola 1. Hapo kiinua mgongo kinakuwa karatasi, na kijana mwenye ujuzi anaanza kusikiliza waajiri wengine.

Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayowapa Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kutoa leseni na kusimamia biashara hiyo. Kanuni za sheria hiyo ndipo pa kudai kwamba kila anayeleta sarafu kwa wananchi aseme, kwa lugha ya kawaida, waanzilishi wana ngapi, zinafunguliwa tarehe gani, na nani ana uwezo wa kuibadilisha tarehe hiyo.